Pasi Kutoka Kwenye Majivu

Siku ya kumi na mbili tangu nyumba iungue, Mama Kadogo aliingiza mkono kwenye beseni la nguo alizoanua asubuhi, akakuta foronya imepigwa pasi.

Si kwamba ilikuwa imekunjwa vizuri. Fundi aliyekaa kwenye cherehani miaka kumi na tano hawezi kuchanganya nguo iliyokunjwa na nguo iliyopigwa pasi. Foronya ilikuwa imenyooka mpaka kwenye pindo, na ilikuwa ya moto. Chini yake kulikuwa na gauni la binti yake wa miaka mitano, marinda yote kumi na manne yamelala upande mmoja. Chini ya gauni kulikuwa na suruali ya mumewe, ina mstari wa kukata kidole.

Ilikuwa saa nane mchana, jua liko wazi mlangoni, watoto wa majirani wanagombania mpira. Mume alikuwa kazini kwenye tanuri la mikate. Mama mkwe alikuwa amejinyoosha chumba cha pili, na Kadogo yuko pembeni yake. Kwa jinsi watu wote wa vile vyumba viwili vya kupanga walivyojua, humo ndani hapakuwa na pasi.

Yeye peke yake ndiye aliyejua kuwa ilikuwemo. Ilikuwa juu ya kabati, ndani ya sufuria kubwa yenye mfuniko, imeviringishwa kipande cha shuka. Aliyeiweka pale ni yeye.

Turudi nyuma kidogo ili tuelewane.

Mumewe alikuwa na mdogo wake, fundi umeme, ambaye mtaa mzima ulimwita Testa kwa sababu ile bisibisi yake yenye kitaa haikutoka mfukoni hata akienda msibani. Nyumba iliyoungua ndiye aliyeitandazia nyaya mwenyewe, bure, kwa furaha, huku akimtania shemeji yake kwamba atamwekea soketi nyingi kuliko vifungo alivyonavyo dukani. Siku moja kabla ya moto alikuja na shati jeupe begani. Alikuwa amepata kazi ya kutandaza umeme zahanati nzima, anaitwa kusaini. Akasema, shemeji, ninyooshee hili mpaka waniogope.

Kesho yake Mama Kadogo alilitandaza mezani, akaanza na mgongo. Katikati ya mgongo umeme ukakatika. Mtu yeyote anayeishi na umeme wa kuja na kuondoka anajua la kufanya: chomoa. Yeye mwenyewe alikuwa amewafokea wanagenzi wake kwa jambo hilo mara zisizo na idadi. Lakini pasi ilikuwa imeshaanza kupoa, uzi mweupe umemwishia, na Kadogo alikuwa anamvuta gauni. Akaiacha imelala juu ya shati, uso chini, soketi imewashwa. Umeme ulirudi saa nane. Saa nane na nusu alikuwa amesimama barabarani na kibunda cha uzi mkononi, anatazama paa likishuka.

Hakuna aliyekufa. Mama mkwe alitoka kwa miguu yake, na watu wakasema mshukuruni Mungu, wakaleta magodoro, nguo na sabuni.

Afisa wa zimamoto, mtu mpole mwenye sauti iliyokauka kwa moshi, aliwakusanya jioni ile akawasomea karatasi. Msiingie mpaka tuseme. Swichi kuu isiguswe hata mkiona imekufa. Chakula na dawa vilivyopata joto vitupwe, hata vikionekana vizima. Nguo zenye moshi zifuliwe mara mbili, peke yake. Andikeni kilichoungua, chumba kwa chumba, kabla hamjaanza kusahau. Mwisho akaikunja karatasi, akaongea kwa kichwa.

"Na msitoe kitu chochote ndani. Kila kitu kikae kilipoangukia mpaka mkaguzi apite. Sisi tunasoma pale kilipoangukia. Mkikihamisha, mnatusomesha uongo."

Mama Kadogo aliitikia kwa kichwa pamoja na wenzake. Asubuhi yake, kabla watu hawajaamka vizuri, alipita chini ya utepe, akachakura majivu ya meza, akaikuta. Mpini ulikuwa umeyeyuka. Kwenye uso wake palikuwa pamegandia kipande cha shati jeupe, na kifungo kimoja kimezama kwenye chuma. Aliitia ndani ya gauni, ikamgusa tumboni, akashtuka kuona bado ina joto baada ya saa zote zile. Alijiambia ni joto la majivu.

Mkaguzi alipopita aliona moto ulianzia ukutani, karibu na soketi ya chumba cha cherehani, na hapakuwa na kitu kingine cha kulaumu. Akauliza nani alifunga umeme. Testa akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

Kisha ikaja orodha. Mama mkwe alikuwa nesi mstaafu, na mwandiko wake ulikuwa safi kama wa kadi ya kliniki. Alikaa na kalamu, anataja, mkwewe anaitikia. Cherehani mbili. Mkasi mkubwa. Meza ya kukatia.

"Na pasi," akasema mama mkwe, akaanza kuandika.

"Pasi niliiazimisha, mama. Kwa yule jirani aliyehama."

Mama mkwe akalikata neno kwa mstari mmoja, akaendelea na mapazia. Uongo wenyewe ulikuwa wa pumzi moja tu, lakini Mama Kadogo alihisi mlango umefungwa nyuma yake, na ufunguo umebaki upande wa pili.

Tangu siku ile mumewe hakumsemesha mdogo wake. Aliyeunguza nyumba ya mama yangu, alisema mbele ya watu, hatalala tena chini ya paa moja na mimi, awe nani. Testa akawa anakuja alasiri, kaka yake akiwa kazini, anakaa kizingitini anapewa chai. Kila akija alikuwa anakumbuka zaidi.

"Nafikiri ni skrubu ya soketi ile, shemeji," alisema mara ya kwanza. "Siku ile nilikuwa na haraka. Nafikiri sikuikaza."

Wiki iliyofuata hakufikiri tena. Alikuwa na uhakika. Alikumbuka alikuwa ameshika bisibisi kwa mkono upi, na aliitwa na nani akaiacha ile skrubu inacheza. Kamati ya leseni ilikuwa imemwita mwisho wa mwezi, na alisema atakwenda kuirudisha mwenyewe kabla hawajamnyang'anya. Mama Kadogo alimwongezea sukari. Alimtazama akijijengea kosa lake, skrubu kwa skrubu, naye hakusema kitu. Usiku aliona aibu mpaka ya kujigeuza kitandani.

Basi, tumerudi kwenye beseni.

Mume alifurahi. Alivaa suruali akajitazama mbele na nyuma, akauliza wameazima pasi ya nani maana amekuwa bwana arusi. Mama Kadogo akacheka kwa meno tu. Kesho yake, saa nane kamili, alisikia kutoka juu ya kabati mlio mdogo, tik, ule mlio wa pasi iliyofikia moto wake. Ikafuata harufu ya pamba inayokaribia kuungua. Halafu sauti ndefu ya kitu kizito kinachoteleza juu ya kitambaa, kinakwenda, kinafika mwisho, kinarudi. Alipothubutu kugeuka, nguo zote za kwenye beseni zilikuwa zimenyooka.

Alipanda juu ya kiti, akashika sufuria. Ilikuwa baridi. Akafunua, akagusa pasi kwa kidole kilicholoa mate, mate yakalia. Jioni aliibeba mpaka jalalani, akaifukia chini ya takataka kwa ubao, akarudi amebeba sufuria tupu. Asubuhi sufuria ilikuwa nzito tena.

Hapo ndipo alipofanya ujanja wake wa pili, na huu ulimuuma kuliko ule wa kwanza, kwa sababu alikuwa ameshaonywa na hofu yake mwenyewe. Aliona kwamba kile kitu kinataka nguo, basi akakinyima nguo. Alikusanya kila kilichoweza kukunjika, mashuka, mapazia, vitambaa vya jikoni, hata kilemba cha mama mkwe, akavipeleka vyote kwenye kamba ya jirani wa nyumba ya tatu. Ilipofika saa nane alikuwa amesimama uani, anasikia ile tik, anasikia ile sauti ndefu ikianza kutambaa ndani ya chumba ambacho hakikuwa na kitambaa hata kimoja, inakwenda, inasita, inageuka kama inatafuta, inapita mlango wa kati taratibu kuelekea chumba cha pili ambako mama mkwe alikuwa amelala kwenye godoro tupu, na yeye anataka kukimbia kuingia na haingii, mpaka sauti ikakoma, na harufu ile ya pamba ikaja ikiwa si ya pamba.

Mama mkwe aliamka ana shavu moja la msichana.

Upande wa kulia ulikuwa ule ule wa siku zote, wa bibi wa miaka sabini na mitatu, na vile vijistari vya kucheka kwenye kona ya jicho. Upande wa kushoto ulikuwa umenyooka kuanzia paji la uso mpaka kidevuni. Haukuwa na alama ya kuungua. Kope haikuweza kufunga kwa sababu haikuwa na pa kukunjia. Hospitali wakasema kiharusi, yeye mwenyewe akakataa kwa sauti ya chini walipofika nyumbani.

"Mwanangu, nimeuguza viharusi miaka thelathini. Hakuna kinachofuta mikunjo." Akaligusa lile shavu kwa ncha ya kidole. "Nilisikia kitu cha moto kinapita. Taratibu. Kama mtu anayejali kazi yake."

Mama Kadogo alirudisha nguo zote siku ile ile, akazijaza kwenye beseni mpaka zikamwagika, lakini ilikuwa kama kile kitu kimeonja. Siku iliyofuata alikesha mchana mlangoni, akasinzia dakika tano, labda tatu. Alizinduliwa na Kadogo aliyekuwa amelala kwenye mkeka, mkono mmoja wazi.

"Mama, mkono wangu umelainika," mtoto akasema, akamwonyesha kiganja cha kushoto. Kilikuwa kitupu kama sahani, hakina mstari hata mmoja.

Alimfuata mganga asubuhi yake, hakumwambia mtu. Alikuwa mwanamke wa makamo, anaishi nyuma ya duka la baiskeli, mwenye sifa ya kutopenda maneno mengi. Alimkuta anamenya viazi, na alimsikiliza akiendelea kumenya. Mwisho akasema, "Umetoa kitu ndani," na Mama Kadogo akahisi anamsikia yule afisa wa zimamoto.

"Huyo jini hakutumwa na mtu," mganga akaendelea. "Alikuwa anakaa kwenu, ukutani, karibu na meza yako, anaota joto la pasi kama paka. Hamkumwona kwa sababu hakuwa na shida na nyinyi. Sasa nyumba yake imeungua. Amekamata kitu kimoja anachokijua, na anafanya kazi moja anayoijua, ile uliyoikatiza."

"Ataondokaje?"

"Kirudishe kilipoangukia. Halafu waambie wote uliowadanganya, wakiwa pamoja, wakusikie. Yeye hawezi kukaa mahali penye kila kitu mahali pake." Akatupa kiazi kwenye maji. "Nguo peke yake hazitamtosha tena. Atanyoosha chochote chenye mkunjo, na binadamu mzima ni mikunjo."

Mama Kadogo akauliza, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe aliionea haya, je, akimwambia mmoja tu kwanza? Mganga akamtazama, akachukua kiazi kingine. Alikuwa ameshasema.

Alimwambia mmoja. Alimwita Testa kwenye magofu, saa nne asubuhi, wakasimama kwenye chumba cha cherehani kilichobaki kuta tatu. Aliifungua ile shuka, akampa. Testa aliigeuza, akaona kipande cheupe, akaona kifungo, akalijua shati lake. Alikaa chini kwenye majivu na suruali yake safi. Alisikiliza habari yote, ya umeme kukatika, ya uzi, ya orodha, ya jini. Hakuonekana kujali jini.

"Kwa hiyo skrubu niliikaza," akasema.

"Uliikaza, shemeji."

"Niliikaza," akarudia, akafunika uso kwa mikono, mabega yakaanza kumtikisika.

Mama Kadogo alilia naye. Lakini Testa alipojifuta, alianza kumfikiria yeye badala ya kujifikiria, kwa kuwa ndivyo alivyoumbwa. Alisema kaka yake akijua, nyumba itavunjika, na Kadogo atalelewa na nani? Yeye kaka yake hamsemeshi, sawa, lakini damu ni damu, ipo siku atamsemesha. Mke anaweza kuachwa. Bora yeye aichukue hii pasi, akae nayo, maana ikibaki pale mtu ataiona. Anaishi peke yake, hana bibi wala mtoto wa kudhuriwa. Leseni ataitafuta nyingine mbele ya safari.

Hapo palikuwa pa kukataa. Mama Kadogo alijua kabisa, neno lilikuwa limemfika kooni. Alisema asante. Testa akaitia pasi kwenye mkoba wake wa vifaa, akaenda zake.

Siku tisa nguo zilikaa kwenye beseni zimekunjamana, baridi, zinanuka sabuni. Mama Kadogo alilala. Alikula. Siku moja alijikuta anaimba, akajinyamazisha.

Siku moja kabla ya kamati, mama mkwe aliwaita wanawe wote wawili chakula cha mchana. Alisema hana uso wa kusubiri wapatane, na kwa uso ule aliokuwa nao hakuna aliyethubutu kumbishia. Mume alikaa ameinamia sahani. Testa alichelewa kidogo, akaingia na mkoba wake, akauweka mlangoni, na Mama Kadogo akainua macho kumkaribisha.

Paji la uso wa Testa lilikuwa limenyooka kama karatasi. Hakupepesa. Shati lake lilikuwa na mistari ya pasi mikononi, na mikono yenyewe ilikuwa inang'aa, vidole vimesimama, havikunjiki, kwa sababu kwenye viungo hapakuwa na ngozi ya kukunjia. Alijaribu kushika glasi kwa viganja viwili, ikamponyoka. Bisibisi haikuwepo mfukoni. Aliyekuwa amezoea kuishika tangu utoto hakuwa tena na vidole vya kuishikia, na bado alimtazama shemeji yake kwa macho yasiyofumba, akamtikisia kichwa polepole, kumwambia nyamaza, usiseme, mimi nitavumilia.

Mkobani mlangoni kukasikika tik.

"Mama," Kadogo akanong'ona, akificha kiganja chake kwapani, "amekuja tena."

Mama Kadogo alisimama. Alikwenda mlangoni, akafungua mkoba, akaitoa pasi kwa mikono mitupu, ikamuunguza na hakuiachia, akaiweka katikati ya meza, uso juu, ili kila mtu aone shati na kifungo.

"Moto niliuanzisha mimi," akasema. "Umeme ulikatika, nikaiacha kwenye soketi. Nikaenda kununua uzi. Asubuhi niliiba ushahidi. Mama, sikuiazimisha kwa mtu. Baba Kadogo, mdogo wako hana kosa hata la skrubu moja. Nilimwacha ajisingizie, na alipojua alinificha, nami nikakubali."

Mume akasukuma sahani yake kando. Kisha mama mkwe akajishikiza kwenye meza, akanyanyuka, akasema twendeni tukairudishe. Walipita mtaani jua kali, watu watano na pasi iliyoungua, mume mbele peke yake bila kugeuka. Mama Kadogo aliilaza pale palipokuwa na meza, uso chini, kama alivyoiacha. Ikalia tik, tik, tik, kila mlio mbali zaidi na mwenzake, jinsi chuma kinavyopoa. Harufu ya pamba ikaondoka, ikabaki ya masizi tu. Testa akafumba macho kwa mara ya kwanza, akakaa hivyo, akipumua.

Kesho yake Mama Kadogo alikwenda na Testa mbele ya kamati, na yule afisa wa zimamoto akakaa nyuma. Aliyasema yote tena mbele ya watu asiowajua. Leseni ikabaki kwa mwenyewe. Mume alilala kazini, kwenye tanuri la mikate, wiki sita. Aliporudi, alirudi kwa mama yake na mwanawe, na mpaka leo humsemesha mkewe ya lazima tu, ya chumvi na ya ada ya shule. Mke halalamiki.

Mikunjo ya mama mkwe ilirudi mmoja mmoja, na anaitania kila asubuhi kwenye kioo kama wageni waliochelewa. Vidole vya Testa vinakunjika. Kiganja cha Kadogo ndicho hakikurudi. Watu wakimpa mkono hushtuka, humgeuza, huuliza huyu mtoto alipatwa na nini, na kabla hajafungua mdomo mama yake husogea akajibu mwenyewe, kwa sauti ya kusikika, tangu umeme ulipokatika mpaka mwisho.